Ahadi ya Kurudi: Wajibu wa Jumuiya za Kikristo kwa Mgonjwa Katika Nyakati za Mashaka

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri iliyositisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo ambayo nchi yake ilikuwa ikiyapa mataifa mengine. Miongoni mwa shughuli zilizoguswa ni zile za mpango wa PEPFAR, ambao tangu 2003 umekuwa nguzo ya tiba ya VVU katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Siku chache baadaye ilitolewa ruhusa ya kuendelea na tiba za kuokoa maisha, lakini hofu ilikuwa imekwisha kutangulia. Wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi walisimamishwa kazi. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilikoma kuendesha misaada hiyo.

Mabadiliko ya namna hii humfikia mgonjwa kwa njia ndogondogo. Yule aliyekuwa akimpigia simu kumkumbusha tarehe ya kliniki hapigi tena. Mshauri aliyemfahamu kwa jina hayupo mezani pake. Foleni ni ndefu zaidi, na kila aliye kwenye benchi ana habari yake aliyoisikia redioni au kwa jirani. Mgonjwa mwenye hofu huweza kuanza kumeza vidonge siku moja na kuruka siku ya pili ili akiba yake idumu, bila kumwambia yeyote. Kwa nia njema kabisa ya kujilinda, anakuwa amevipa virusi nafasi ya kuzaliana na kuzoea dawa.

Jumapili inayofuata, mgonjwa huyohuyo yuko kanisani. Amekaa katikati ya watu wanaomjua tangu alipohamia mtaani, ambao waliimba kwenye harusi yake na kumzika baba yake. Swali linaloulizwa hapa ni hili: watu hao wanaweza kumfanyia nini ambacho hospitali haiwezi, na ni kipi wasichopaswa kumfanyia kamwe?

Jibu linaloelekea kuwa sahihi ni kwamba katika nyakati za mashaka jumuiya ya Kikristo haihitaji kugeuka kuwa hospitali ndogo, wala haihitaji fedha nyingi kwanza. Inachohitaji ni kuwa watu wanaorudi. Miradi huja na kuondoka na wafadhili hubadili vipaumbele. Wauguzi nao huhamishwa. Jirani wa mgonjwa, aliye naye katika jumuiya moja, bado yupo. Thamani yake katika tiba imo katika kubaki kwake na katika uaminifu wa kurudi tena kesho na keshokutwa.

Mfano wa Msamaria Mwema unafahamika na karibu kila Mkristo, lakini ukisomwa kwa macho ya mtabibu unafundisha jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka. Kwanza kuna huduma ya kwanza: majeraha yanasafishwa na kufungwa pale pale njiani. Kisha kuna usafiri, kwa kuwa majeruhi anapandishwa juu ya mnyama wa msaidizi wake. Kuna usiku mmoja wa uuguzi katika nyumba ya wageni. Kuna malipo, na kuna makabidhiano kwa mwenye nyumba, mtu ambaye kazi yake ni kupokea wageni. Mwisho kuna ahadi: Msamaria anasema atapita tena wakati wa kurudi na kulipa gharama itakayokuwa imeongezeka. Kwa lugha ya kliniki, huo ni ufuatiliaji. Bila huo, majeruhi angeweza kutolewa nje siku ya tatu.

Makanisa mengi ni hodari katika hatua za mwanzo. Msiba ukitokea, watu hufika kabla ya jogoo kuwika. Mchango wa upasuaji ukitangazwa, kapu hujaa. Udhaifu huonekana katika mwezi wa nne wa ugonjwa usiokwisha, wakati habari imekuwa ya zamani. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na mgonjwa wengi wao hujisikia nafuu mapema, mara nyingi ndani ya miezi miwili ya kwanza. Hapo ndipo kishawishi cha kuacha dawa kinapokuwa kikubwa, na hapo ndipo wageni wa mwanzo huwa wameacha kubisha hodi. Shinikizo la damu, kisukari, kifafa na VVU havina hata mwezi wa mwisho. Vinadai uangalizi wa maisha yote. Wahenga waliosema ahadi ni deni walikuwa kana kwamba wanamzungumzia mgonjwa wa namna hii.

Historia inaonyesha kwamba Wakristo wamewahi kulilipa deni hilo katika nyakati mbaya kuliko hizi. Katikati ya karne ya 3 tauni kubwa ilipiga himaya ya Roma. Mjini Karthago, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, Askofu Sipriani aliwapanga waumini wake kuhudumia wagonjwa kila mtu kwa uwezo wake, mwenye mali kwa mali na asiye nayo kwa kazi ya mikono. Aliwahimiza pia wasiishie kwa Wakristo wenzao tu. Jumuiya hiyo ilikuwa imetoka kuteswa na watawala, na majirani waliohudumiwa ni walewale waliokuwa wakiitazama kwa chuki. Karne moja baadaye, baada ya njaa kali iliyoikumba Kaisaria ya Kapadokia, katika Uturuki ya sasa, Askofu Basili alijenga nje ya mji makazi ya maskini, wasafiri na wagonjwa, wakiwamo wenye ukoma, na akaweka humo waganga na wauguzi. Katika mifano yote miwili, huruma ilipewa mpango, na mpango ndio ulioifanya idumu.

Afrika Mashariki haina haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Hospitali ya KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza zilifunguliwa mwaka 1971, zote mbili zikiwa matunda ya kazi ya makanisa. Taasisi iliyoianzisha KCMC inaitwa kwa jina la Msamaria Mwema. Mwaka 1992 Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, ili kuratibu shule na hospitali za makanisa kwa makubaliano na Serikali. Mwaka huohuo wa 1992, jijini Dar es Salaam, kikundi kidogo cha watu waliokuwa wakiishi na VVU kilianza kukutana chini ya mwamvuli wa Jimbo Kuu Katoliki, na kutokana na kikundi hicho ikazaliwa PASADA. Wakati ule hapakuwa na ARV za bure katika kliniki za umma. Mpango wa taifa wa kuzitoa ulianza mwaka 2004. Walichokuwa nacho ni kutembeleana na kutokatishana tamaa. Dawa zilipofika zilikuta tayari kuna watu wanaojuana na kuaminiana, na hilo ni jambo ambalo hakuna shehena ya dawa inayoweza kuja nalo.

Chombo cha kufanyia kazi hii leo kipo tayari. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika mkutano wao wa mwaka 1976, na katika makanisa mengine kuna vikundi vya sala vya nyumba kwa nyumba, umoja wa wanawake na mitaa ya usharika. Watu wachache wanaoishi jirani hukutana kila wiki, husali, hutoa sadaka ndogo na kuulizana habari. Mfumo wowote wa afya ungefurahi kuwa na mtandao wa namna hiyo. Linalobaki ni kuuliza utumikeje.

Jambo la kwanza ni nauli. Mgonjwa anayekosa kliniki mara nyingi hakosi imani wala akili. Amekosa fedha ya basi au bodaboda. Jumuiya inayotenga sehemu ya sadaka yake ya kila wiki kwa ajili ya nauli za kliniki inaweza kuokoa maisha kwa gharama ndogo kuliko ile ya jeneza. Jambo la pili ni chakula. Zipo dawa zinazomchosha mtu mwenye njaa hadi akazichukia, na sahani ya ugali na maharage inayoletwa kwa heshima, bila tangazo, humsaidia kuzimeza. Jambo la tatu ni mapumziko ya mwuguzaji. Binti anayemhudumia mama aliyepooza kwa kiharusi hulala saa chache na kuoga akiwa na wasiwasi. Dada wawili wa jumuiya wakishika zamu mchana mmoja kwa wiki, binti huyo atapata usingizi na mama naye atageuzwa kitandani asipate vidonda. Jambo la nne ni bima. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na safari ya kuitekeleza inahitaji kaya zijiandikishe kabla ya kuugua. Jumuiya inaweza kuwafuata wajane na wazee, ikawasomea masharti, ikawasaidia kujaza fomu na kuwachangia wasioweza.

Jambo la tano ni usahihi wa habari. Katika wiki za uvumi, mtu mmoja aliyetumwa na jumuiya kwenda kituoni kumwuliza mganga mfawidhi kama dawa zipo, kisha akarudi na jibu, huondoa hofu ambayo mahubiri kumi yasingeiondoa.

Hata hivyo, ni lazima kusemwa wazi kwamba jumuiya inayomkaribia mgonjwa inaweza pia kumdhuru, na madhara makubwa kuliko yote ni kumwambia aache dawa.

Mfano wa VVU unatosha kueleza jambo hili. Mgonjwa anayemeza ARV vizuri hufika mahali ambapo wingi wa virusi katika damu unashuka hadi kipimo kisivione tena. Hiyo ni habari njema kweli: afya yake inalindwa, na akiendelea hivyo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Lakini virusi havijatoka mwilini. Vimejificha ndani ya baadhi ya chembe, vikizuiwa na dawa. Mgonjwa akipeleka karatasi ya majibu madhabahuni na kuambiwa kuwa amepona, kisha akaacha vidonge, kwa wagonjwa wengi virusi hurudi katika damu ndani ya wiki chache. Wakati wa ushuhuda mtu huyo anaonekana mwenye afya na kusanyiko linashangilia. Anapoanza kukonda na kukohoa, mara nyingi huona aibu kurudi kanisani na aibu kurudi kliniki. Wodini hupokewa akiwa amechelewa, na ndugu zake hawasemi nini kilitokea.

Magonjwa mengine hayasubiri hata wiki. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akinyimwa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye kifafa akikatizwa dawa ghafla anaweza kupata mishtuko mfululizo isiyokoma. Kwa sababu hiyo, hata mfungo unahitaji hekima: anayechoma insulini au kumeza dawa za kushusha sukari azungumze na mtabibu wake kabla ya kuanza kufunga, na kiongozi wa dini awe wa kwanza kumwagiza hivyo. Si kosa mbele ya Mungu kunywa dawa kwa wakati wake.

Wanaodhani kwamba kutumia dawa ni dalili ya imani haba wangenufaika kukumbuka mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg nchini Ujerumani. Martin Luther alikataa kuondoka mjini na akaendelea kuhudumia wagonjwa. Alipoulizwa kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni, aliandika barua ndefu. Ndani yake aliwalaumu wanaowakimbia watu walio chini ya dhamana yao, na vilevile akawalaumu wanaokataa dawa na tahadhari kwa kudai kumtumainia Mungu peke yake; kwake huko kulikuwa kumjaribu Mungu. Yeye mwenyewe alikusudia kusali, kufukiza nyumba, kutumia dawa na kutokwenda mahali asipohitajika ili asiwaambukize wengine. Karibu miaka 500 imepita, na ushauri huo bado unafaa kubandikwa mlangoni mwa kanisa lolote.

Hatari ya pili ni ulimi. Siri ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Ombi la sala linalotaja jina na ugonjwa kwenye kipaza sauti, au katika kundi la simu, linaweza kuvunja ndoa na kumfukuzisha mtu kazini au katika chumba alichopanga. Jumuiya ijifunze kumwombea mtu kwa yale tu aliyoruhusu yatajwe. Hatari ya tatu ni hukumu. Anayeletewa uji pamoja na swali la dhambi gani alitenda atajifunza kuficha ugonjwa wake mara nyingine. Na hatari ya nne ni kuchagua wa kumsaidia. Katika mitaa ya Tanzania Mkristo na Mwislamu hutumia kisima kimoja na kliniki moja. Uangalizi unaoishia kwa wenye kadi ya usharika haujaufikia mfano wa Msamaria, ambaye alimsaidia mtu wa taifa lililokuwa likimdharau.

Yupo atakayeuliza kama kuyapa makanisa kazi hizi si kuiondolea Serikali wajibu wake. Swali hilo ni la haki. Dawa, watumishi na vipimo ni haki ya raia inayolipiwa kwa kodi, na hakuna sadaka ya Jumapili inayoweza kununua ARV za taifa. Lakini jumuiya inayokwenda kliniki kila mwezi na wagonjwa wake ndiyo inayojua ni dawa gani ilikosekana na kwa muda gani. Kauli yake mbele ya diwani, kamati ya afya ya kituo au mbunge ina uzito wa ushahidi. Kumshika mgonjwa mkono hakumzuii mtu kudai haki yake. Mara nyingi humfundisha namna ya kuidai.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Wapo watabibu wanaosikia neno mchungaji na kukunja uso, kwa sababu wamepokea wagonjwa waliochelewa. Hasira hiyo inaeleweka, lakini haimrudishi mgonjwa kwenye tiba. Mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa mwaka 2014 hadi 2016 ulitoa funzo kubwa. Maziko ya kuosha na kugusa miili yalikuwa yakieneza ugonjwa, na amri za kitabibu pekee hazikutosha kuyazuia, kwa kuwa familia hazikukubali wapendwa wao wafukiwe bila heshima. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maziko salama na yenye staha, ambamo viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu walishirikishwa. Sala ilipata nafasi yake na usalama ukapata nafasi yake.

Funzo hilo halihitaji mlipuko mwingine ili litumike. Muuguzi anaweza kumwuliza mgonjwa, wakati wa kumruhusu kutoka wodini, ni nani mtaani atakayemsaidia, na kama anaridhia mtu huyo aelezwe ratiba ya dawa. Kituo cha afya kinaweza kuwaalika wachungaji, mapadre, makatekista na wazee wa kanisa kwa asubuhi moja, kikawafundisha dalili za hatari: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, uso kupinda upande mmoja na mkono kulegea ghafla, mjamzito mwenye kichwa kuuma sana na macho kuona giza. Mchungaji anayezifahamu dalili hizo atajua lini asali akiwa njiani kuelekea hospitali badala ya kusali hadi asubuhi.

Na mgonjwa mwenyewe asikae akingoja kukumbukwa. Anaweza kuchagua mtu mmoja katika jumuiya yake, mmoja tu anayemwamini, akamwambia tarehe ya kliniki na jina la dawa, na akamwomba jambo dogo lililo wazi: anikumbushe Jumanne, anisindikize, ashike mtoto nikiwa kwenye foleni. Akisikia kwamba dawa zimekwisha, aende kituoni kuuliza kabla ya kuanza kupunguza dozi. Na yeyote akimshauri aache dawa, hata akiwa mtu wa Mungu anayemheshimu, ashukuru kwa sala na aendelee na dawa hadi atakapozungumza na mtabibu wake.

Hakuna ajuaye bajeti ya mwaka ujao itakuwaje, wala mradi upi utafungwa. Mwenyekiti wa jumuiya hawezi kulibadili hilo. Anaweza, baada ya sala ya wiki hii, kuuliza ni nani ana kliniki kabla ya wao kukutana tena, akaandika tarehe katika daftari lake, na siku hiyo asubuhi akabisha hodi mlangoni kwa mgonjwa akiwa na nauli ya kwenda na kurudi.